Kompyuta Iliyomkatiza Mama Eulalia

Katika mji uitwao Wa, kaskazini mwa Ghana, Eulalia Bayuo alitambulika kwa sauti kabla ya sura. Angeweza kufika sokoni amejitanda kitambaa mpaka puani kwa sababu ya vumbi, lakini akiuliza tu kama bamia ni za leo, muuzaji aliyeinama anainuka na kumwambia mwenzake kwamba yule ndiye mama wa redioni. Kwa miaka mingi alikuwa akisoma habari kwa Kidagaare, na baada ya habari, matangazo ya vifo. Watu wengi wa vijijini kuelekea Jirapa na Nandom walijua kwamba wamefiwa kwa kumsikia yeye, na hawakumchukia kwa hilo. Walisema anatangaza msiba kama mtu aliyekuja kukaa nao matangani.

Alipostaafu alidhani sauti yake sasa itabaki ya kuitia kuku. Ndipo siku moja Mwalimu Tengan, anayefundisha Kidagaare kwenye shule ya wasioona, na yeye mwenyewe haoni tangu utotoni, akafika nyumbani kwa Eulalia. Alikaribishwa maji ya unga wa mtama, akanywa taratibu, akaeleza shida yake. Vitabu vya Kidagaare vya nukta za kugusa vilikuwa vichache, na kile cha hadithi walichotakiwa kufanyia mtihani hakikuwa kimechapishwa kwa nukta hata ukurasa mmoja. Wanafunzi walikuwa wakisomewa na yeyote aliyepatikana, mara mlinzi, mara mpishi, kila mmoja na mbio zake. Kama mama angekubali kukisoma na kukirekodi, watoto wangekisikiliza kwa wakati wao. Mwalimu hajamaliza hata kibuyu, Eulalia ameshakubali.

Kompyuta ilikuwepo, ile ya mezani aliyoiacha mwanawe Emilian alipohamishiwa Takoradi. Chumba pia kilikuwepo, stoo ya karanga iliyokuwa haina karanga. Mumewe Gervase, bwana mifugo mstaafu, mtu wa maneno machache na misumari mingi, alipigilia magodoro ya zamani ukutani ili sauti isirudi mwangwi. Likabaki tatizo moja. Feni ya kompyuta ilivuma kama nzi aliyenaswa chupani, na maikrofoni haikuacha kuidaka. Gervase akatafuta kabati dogo la mbao, akalitanda blanketi kwa ndani, akaiingiza kompyuta humo, akapitisha nyaya kwenye kitundu cha nyuma na kufunga mlango. Nje ya kabati ikabaki skrini, kibodi na maikrofoni. Kukawa kimya kama kanisani siku ya kazi.

Miezi ile ya baridi kazi ilikwenda vizuri sana. Eulalia alisoma sura za mwanzo bila kusuasua, Mwalimu Tengan akazibeba kwenye flashi, na baada ya siku chache akapiga simu kusema kwamba watoto wanazisikiliza wakati wa kula na wanataka kujua lini zitakuja nyingine.

Vumbi la jangwani likaja, likapita, joto likashika nafasi yake. Hapo ndipo kompyuta ilipoanza vituko.

Mara ya kwanza alikuwa amefika pale katika hadithi mjane anaposimama mbele ya wazee kudai shamba lake. Alikuwa amejiandaa kwa maneno yale tangu asubuhi. Skrini ikawa nyeusi katikati ya sentensi, bila onyo wala kuaga. Alipoiwasha tena, usomaji wote wa asubuhi ile haukuwepo. Akanywa maji, akaanza upya. Kesho yake ikazimika tena, ikajiwasha yenyewe, ikazimika kabla haijamaliza kuwaka. Siku iliyofuata haikuzimika kabisa. Iliyofuata ilizimika mara kwa mara, hadi akasahau alikuwa anasoma nini. Alijifunza kuhifadhi kila baada ya kurasa chache, lakini mjane yule alikuwa ameshadai shamba mara nyingi mno, na kila aliporudia, hasira ya mjane ilizidi kupoa, hadi akawa kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Gervase alidhani ni umeme. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo akiitazama balbu ya korido. Kompyuta ikazimika, balbu haikupepesa. Akabadilisha soketi, akabadilisha waya, akaleta kisanduku cha kutunza umeme alichokiazima kanisani. Ikazimika vilevile. Mwimbaji mmoja wa kwaya akasema ni virusi, akaja akasafisha kila kitu, akapata virusi wachache kweli, akaondoka amefurahi. Kesho yake ikazimika.

Ndipo akaitwa fundi Akolgo. Huyu alikuwa Mfrafra wa Bolga, na Wafrafra na Wadagaaba ni watani tangu enzi na enzi, kwa hiyo hata kabla hajavuka kizingiti maneno yalikuwa yameshaanza. Utani wao mkubwa ni nani kati yao mwenye haki ya kula kichwa cha mbwa, na Eulalia alimwambia kwamba kama amekuja kukitafuta, kimeshaliwa.

"Najua kimeliwa," Akolgo alisema, akivua viatu. "Nyie Wadagaaba mnakula kichwa halafu mnashangaa kompyuta inawakimbia. Iko wapi hiyo, niione kabla hamjaipika."

Ilikuwa sebuleni. Gervase alikuwa ameichomoa kabatini tangu asubuhi, akaifuta, akaipanga mezani chini ya feni ya dari, kwa maana ile stoo yenye magodoro yaliyochanika haikuwa mahali pa kumpeleka mgeni. Akolgo aliifungua ubavu, akapuliza vumbi, akachomoa kadi za kumbukumbu na kuzisugua meno kwa kifutio cha penseli, akazirudisha. Akatafuta kwenye kumbukumbu za kompyuta yenyewe, zile inazojiandikia kila jambo linapotokea, akakuta imeandika tu kwamba ilizimika ghafla, sababu haijulikani. Akaweka programu ya kupima joto, akaiachia kazi nzito, akala ugali wa mtama na supu ya bamia huku akiitazama. Joto lilikuwa la kawaida. Kompyuta ilikaa jioni nzima imetulia kama mtoto aliyepelekwa kwa daktari na homa ikamtoka njiani.

Ilirudishwa stoo. Kesho yake mjane hakufika hata mbele ya wazee.

Akolgo akaja tena, akaikuta tena sebuleni. Safari hii alikuja na pawasaplai, lile boksi la ndani linaloigawia kompyuta umeme, na kwa kuwa joto alishalipima na kuliondoa kwenye hesabu, alikuwa na hakika kwamba ubovu uko hapo. Akalibadilisha. Wakakaa, wakataniana, wakatazama mpira mpaka mwisho. Haikuzimika. Akolgo akaondoka akisema sasa Wadagaaba wamepata mwanga. Hazikupita siku mbili Eulalia akamkuta Gervase uani na kumwambia kwa sauti ndogo kwamba imezimika.

Jioni ile alizungumza na Emilian kwa simu. Kijana alimsikiliza vizuri, akauliza hili na lile, kisha akasema kwa upole:

"Mama, kama kwa mafundi haizimiki na ikiwa na wewe inazimika, labda kuna kitu unabonyeza bila kujua."

Hakusema kwa ubaya, na Eulalia alicheka, akamuaga, akamtakia usiku mwema. Lakini neno lile lilimwingia kama mwiba unaokatikia ndani. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaliwaza, ila alikuwa hajalisikia kwa kinywa cha mtu mwingine.

Mama yake mzazi, Bibi Domitilla, alianza hivyohivyo. Alianza kwa kufunga mlango na kusahau ufunguo umo ndani, akafuata kuunguza sufuria, akaishia kumuuliza Eulalia kwa adabu kubwa yeye ni binti wa nani. Na sasa Eulalia alianza kujihesabia. Juzi aliitia supu chumvi mara mbili. Wiki ile alimwita Gervase kwa jina la marehemu kaka yake. Alikuwa ameitafuta miwani nyumba nzima nayo imemkaa kichwani. Mambo haya humtokea kila mtu, na zamani yakimtokea yeye alikuwa akiyachekea. Sasa kila moja aliliweka moyoni, na kila kompyuta ilipozimika aliitazama mikono yake juu ya meza kuona imefanya nini.

Hakumwambia Gervase. Alipika kimya, akionja supu kila mara. Akiwa stoo alisoma huku mikono ameikalia, isiguse chochote, na bado ilizimika, lakini mtu mwenye hofu haridhiki na ushahidi mmoja. Alijiambia kwamba labda aliigusa kabla ya kuikalia.

Mwishowe alimpigia simu Mwalimu Tengan, akamwambia koo linamsumbua, atafute msomaji mwingine.

Mwalimu hakubishana kwenye simu. Alikuja mwenyewe, fimbo mkononi, akaketi pale alipoketi mara ya kwanza, akamsalimu, akamuuliza habari za mume, za mwana, za joto, za kuku. Eulalia alijibu moja baada ya jingine. Habari zikaisha, Mwalimu akalaza fimbo magotini.

"Dada," alisema, "koo lako ni zima. Mimi kusikia ndiyo kazi yangu. Lakini kuna kitu kinakutisha, nacho nakisikia pia."

Eulalia alijikuta anamwambia. Alimwambia habari ya Bibi Domitilla, ya chumvi, ya mikono kukaliwa, mambo ambayo hakumwambia hata mume aliyelala naye kitanda kimoja. Labda ilikuwa rahisi kwa sababu hakuna macho yaliyokuwa yakimtazama. Mwalimu hakumpooza kwa maneno matamu. Alisema yeye si daktari na hawezi kumwambia kichwa chake kikoje. Ila alichojua ni kwamba tangu aanze kusimulia hajarudia neno wala hajaruka kitu, na kwamba angependa lile suala la mashine limalizwe kwanza kabla mtu hajajihukumu. Watoto wangengoja. Akaomba maji ya unga, akanywa, akaenda zake.

Eulalia akampigia Akolgo, na safari hii alimweleza bila utani kwamba kompyuta inazimika akiwa peke yake tu. Fundi naye hakutania. Akasema kumbe amekuwa akikosea. Amekuwa akiitibu kompyuta ikiwa ugenini.

"Usiihamishe, mama. Iache inapokaa," alisema. "Nikija, fanya kama mimi sipo. Kila kitu fanya kama kawaida yako."

Alipofika mchana wa kesho yake Gervase aliona haya kumwingiza stoo, akaanza kuomba radhi kwa ajili ya magodoro. Akolgo alipita, akaketi sakafuni pembeni na kuegemea godoro, akaweka kidole mdomoni kuonyesha kwamba ameshakuwa hayupo.

Eulalia akafanya kama kawaida. Alifunga dirisha, maana nyumba ya tatu kulikuwa na matanga na marimba yalikuwa yanalia. Akazima feni ya dari ya humo stoo, kwa kuwa ilikuwa na kelele. Akavuta pazia zito, akafunga mlango, akaichungulia kompyuta kama imewaka vizuri, akafunga mlango wa kabati. Akaketi. Kijasho kilikuwa kimeshaanza kumtoka, lakini alikizoea. Akafungua kitabu, akavuta pumzi, akaanza kusoma.

Akolgo alikuwa anajua Kidagaare cha sokoni tu, kile cha kutania na kulipia, lakini baada ya muda alisahau alichofuata. Alikaa mdomo wazi. Mjane alikuwa amesimama mbele ya wazee, na siku ile, labda kwa sababu kulikuwa na mtu wa kusomewa, hasira yake ilikuwa imerudi. Alikuwa anawauliza wazee ni nani aliyelipalilia shamba lile wakati mumewe akiwa mgonjwa kitandani. Skrini ikazimika.

Eulalia akainua mikono yake yote miwili juu, mbali na meza, kama mtu aliyeshikwa na askari. Hakujua kama ameinua ili fundi aone au ili aone yeye mwenyewe.

Akolgo hakuangalia mikono. Alikuwa ameshatambaa mpaka kwenye kabati na kulifungua. Hewa iliyotoka ilimpiga usoni, akarudi nyuma. Akaweka kiganja juu ya bati la kompyuta, akakiondoa haraka.

"Mama," alisema, "humu mnaoka mkate?"

Akamwita Gervase aje aguse. Gervase aligusa bati, akagusa blanketi, akagusa mbao. Kisha akakaa chini palepale sakafuni, mtu mzima, akalitazama kabati alilolitengeneza kwa mikono yake.

Akolgo akaeleza, na maelezo yake hayakuwa marefu. Kompyuta inajipooza kwa kuvuta hewa ya nje na kutoa ya moto. Humo kabatini haikuwa na hewa ya nje. Ilikuwa inavuta ileile iliyoitoa, ya moto, na kuitoa ikiwa ya moto zaidi. Wakati wa baridi iliweza kuvumilia. Joto lilipoingia, na dirisha likiwa limefungwa na feni imezimwa, ilifika mahali ikajizima yenyewe isiungue, na ikijaribu kuwaka kabla haijapoa inajizima tena. Siku zilizokuwa na mawingu, au siku ambazo alisoma kidogo, ilisalimika. Na sebuleni, chini ya feni, ubavu wazi, ingewezaje kuumwa? Akasema kosa ni lake pia, alipaswa kuomba kuona inapokaa tangu siku ya kwanza.

Eulalia alikuwa bado amesimama. Alimuuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Wewe umefanya nini, mama? Umesoma tu."

Alitoka nje hadi uani. Akashika ukuta wa jiko. Marimba ya matangani yalikuwa yanasikika wazi sasa, na kuku walikuwa wamejilaza kivulini midomo wazi kwa joto. Alishusha pumzi, akashusha nyingine, na machozi yakamtoka bila kelele, mengi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni ndipo akajua jinsi ulivyokuwa mzito.

Gervase alimfuata. Alidhani analia kwa sababu ya kabati, akaanza kujitetea kwamba alitaka kimya tu, kimya cha kumfaa. Eulalia akamwambia lililokuwa moyoni, sasa kwa mara ya pili, na lilitoka rahisi kuliko la kwanza. Gervase alisikiliza huku anakuna kidevu.

"Ile chumvi," alisema hatimaye, "ya kwanza niliitia mimi. Nilionja nikaona haina ladha, nikatia. Ulipokuja ukatia yako. Nikaogopa kusema."

"Ukaniacha niile supu ile nikijiona mwendawazimu?"

"Na mimi niliila, Mama Emilian."

Alimpiga kofi la bega, kisha akacheka hadi akaketi juu ya kinu. Akolgo alichungulia kutoka koridoni, akauliza kama Wadagaaba hulia na kucheka kwa wakati mmoja au hupeana zamu. Eulalia alimwambia arudi kazini, kuna mbwa anachemka jikoni na mkia umetengwa kwa ajili yake.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Gervase alitoboa ukuta wa stoo, akawa mwangalifu kuliko daktari wa macho. Kompyuta ikawekwa koridoni, juu ya kibao, mahali penye hewa, mbali na blanketi la aina yoyote. Akolgo alileta nyaya ndefu za skrini, kibodi na maikrofoni, zikapita tunduni, na tundu likazibwa kwa vitambaa. Alifungua kompyuta tena, akakuta ile dawa nyeupe inayopitisha joto kutoka kwenye kichwa cha kompyuta kwenda kwenye feni imekauka kwa kuungua, akaikwangua na kupaka mpya. Kule ndani kukawa kimya zaidi ya zamani, maana mvumo wenyewe ulikuwa umehamia upande wa pili wa ukuta. Gervase akaongeza jambo lake mwenyewe. Kila asubuhi aliweka chupa ya maji yaliyoganda miguuni pa mkewe, akisema kama mashine ilikuwa inaungua humo, mtu je?

Eulalia alisoma kitabu kizima kwa utulivu. Mjane akapata shamba. Wiki zote zile kompyuta haikuzimika, isipokuwa mara moja umeme ulipokatika mtaa mzima, na siku hiyo Eulalia alifurahi kusikia majirani wote wakilalamika pamoja naye. Miwani aliendelea kuipoteza. Gervase alimwonyesha kwa kidole tu, na yeye akaitoa kichwani.

Baada ya mtihani Mwalimu Tengan aliwaalika shuleni. Watoto waliketi barazani, na Eulalia aliposalimia tu, kelele zote zikakatika. Waliijua sauti ile, ila hawakuwahi kuisikia ikiwajibu. Binti mmoja mwembamba, aitwaye Yelviel, aliuliza kama yeye ndiye anayesoma. Eulalia akasema ndiye.

"Huwa unavuta pumzi kabla ya jambo baya," binti alisema. "Sisi tukisikia tu pumzi, tunashikana mikono."

Wenzake wakasema ni kweli, na mmoja akaiigiza pumzi ile, baraza zima likacheka, Gervase akiwazidi wote. Eulalia hakuwa akijua. Kwa miaka yote ya redio hakuna aliyewahi kumwambia.

Jumatatu alipoanza kitabu cha pili alijaribu kuizuia pumzi ile. Aliweza ukurasa mmoja, wa pili ikamponyoka, akaiacha iende zake.